Ukoko Uliochemshwa Ungali Mchanga

"Umeuchemsha! Kaka Mcha, umeuchemsha ukiwa hai!"

"Punguza sauti, Ngwali. Kuta za humu zina matundu."

"Sipunguzi! Acha wasikie! Jana umekuja nyumbani umesemaje? 'Mdogo wangu, naazima beseni la mama.' Nikakwambia chukua. Mtu anaazima beseni na viumbe vilivyomo?"

"Nilitaka wakubwa wa humu wauone tu kwa macho."

"Na moto? Na dawa ya kung'arishia nguo? Hayo nayo macho?"

Mcha akavuta kitambaa juu ya meza, kama mtu anayemfunika mgonjwa asipigwe na upepo. Alichelewa, Ngwali alikuwa ameshaona. Ndani ya kisahani cha kioo kulikuwa na kitu cheupe pe, kikavu, kimejaa vitundu vitundu kama lesi ya foronya. Juzi tu kitu hicho kilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva. Juzi tu kilikuwa kinakula.

Sasa hii habari ielezwe vizuri, maana mtu akiingia ghafla atadhani ndugu wawili wanapigania ukoko wa wali. Ukoko huu ni wa baharini. Watu wa mji ule waliuita hivyo kwa sababu unang'ang'ania jiwe kama wali ulioungua unavyong'ang'ania sufuria, na hakuna aliyeujali. Ukiukuta kwenye gamba la chaza unakwangua, unatupa, unaendelea na maisha. Ngwali ndiye aliyeuangalia. Alikuwa kamaliza shule, na matokeo katika mji ule yalikuwa yatoke mwaka ambao ulikuwa bado haujaamuliwa, kwa hiyo akawa anazamia tu baharini ili kichwa kinyamaze. Siku moja akatoka na kipande cha jiwe chenye ukoko, akakitumbukiza kwenye beseni la marehemu mama yao, akakaa mbele yake. Hajainuka mpaka leo, ukitaka kusema ukweli.

Maana ukitulia, usitingishe meza, unaona. Kila kitundu ni chumba. Kila chumba kina mwenyewe, kijidudu kidogo kuliko punje ya chumvi, na mlango wake wa kufunika. Anaufungua taratibu, anachomoza shada la minyiri kama mwavuli uliogeuzwa na upepo, anazoa vumbi la chakula linalopita na maji. Pita na kivuli chako juu ya beseni uone: huyo ndani, mlango pa! Vyumba vyote pa, pa, pa, kama mtaa uliosikia polisi wanakuja. Na wote wametoka kwa mmoja. Alikuja mmoja anaelea, hana nyumba, hana ndugu, akajibandika kwenye jiwe akajigeuza kuwa chumba cha kwanza. Pembeni yake kikachipuka cha pili, na cha pili kikachipua vingine, mpaka jiwe likaisha. Hakuna aliyehamia kutoka kwingine. Wote ni yeye. Au wote si yeye. Hapo ndipo Ngwali alipokuwa anakwama kila siku chai ikimpolea mkononi: huyu ni mmoja au ni wengi? Maana kwenye kuta za vyumba vyao mna vitundu, na anayekula huku anampitishia wa kule. Wapo wengine hawali kabisa. Hao hawana minyiri, wana mdomo tu, umepinda kama wa kasuku, kazi yao kufumbua na kufumba, kung'ata chochote kinachosogea. Tumbo hawana. Mlinzi anayewalinda wote hana hata tumbo lake mwenyewe, anaishi kwa kile jirani anachompitishia ukutani. Jirani akikataa, mlinzi atakufa mdomo wazi, na hakuna atakayejua kama alikuwa anang'ata au anaomba.

Hayo ndiyo Ngwali aliyokuwa akiyatazama. Wenzake walikuwa wanatazama mpira.

"Ni ukoko tu, Ngwali," Mcha akasema. "Tusigombane kwa ajili ya ukoko."

"Leo ndiyo umekuwa ukoko tu? Siku ile umepiga magoti jikoni uliita nini? Uliita 'hawa watu.' Umesema, 'Ngwali, hawa watu wanaishi vizuri kuliko sisi.' Ni mdomo wako huo!"

"Nilisema."

"Sasa hawa watu wako wapi?"

Kumbe humo walimokuwa namo ni vyumba tu. Hilo ndilo Jumba la Majina. Chumba juu ya chumba, ukuta mmoja watu wawili, na kila ukuta una tundu la kupitishia bakuli la uji. Saa za humo haziendi pamoja. Chumba cha Mcha kilikuwa adhuhuri tangu Ngwali aingie, lakini kupitia tundu la kushoto kulikuwa kunanyesha masika ya mwaka mwingine, na mtu wa huko alikuwa anapiga chafya. Kazi ya Jumba ni moja. Kitu kisicho na jina kinaingia, kinapimwa, kinawekwa kwenye ukoo wake, kinatoka na jina. Au hakitoki. Na kwa kuwa Jumba ndilo lenye majina, kitu ambacho halijakitaja hakipo. Samaki asiye na jina Jumbani huwezi hata kumkaanga. Mafuta yenyewe yanakataa kuchemka. Watu walishazoea. Waliona ni kawaida kwamba papa alikuwa hayupo mpaka pale alipotajwa, na kwamba waliong'atwa kabla ya hapo walijikwaa tu.

Mcha aliajiriwa humo zamani, siku ambazo hata yeye hazikumbuki sawasawa. Na vyumba vya Jumba vinaelekea ndani, havina dirisha. Dirisha anapewa aliyetoa jina. Ngwali alikuwa anajua habari ya dirisha, na hakuwahi kuiogopa, kwa sababu siku ile jikoni walikubaliana. Mcha mwenyewe ndiye aliyesema. Alisema: tusiupeleke sasa, tusubiri uvae vikofia. Vikofia ni vyumba vya uzazi. Ukoko ukikomaa, juu ya milango ya baadhi ya vyumba huota kikofia cheupe cha mviringo, ndani yake yai moja, na mtoto akiwa tayari anatoka, anaelea zake kutafuta jiwe. Watoto wakishaondoka, Mcha akasema, mama atakayebaki akifa kifo chake ndiye tutakayempeleka. Halafu akaongeza neno ambalo Ngwali alilibeba kifuani kama hirizi. "Na mahali ulipoutoa usiniambie. Jumbani anayejua ndiye anayeulizwa. Afadhali mimi nisijue."

Mahali penyewe hapatajwi hapa pia. Habari nayo ina masikio.

"Nimeua mmoja," Mcha akasema. Sasa naye sauti ilikuwa imepanda. "Mmoja tu! Jumba linasema ukoko mzima ni mnyama mmoja. Nenda kaulize chumba chochote."

"Ulipokuwa unawaangalia walikuwa watu. Ulipowachemsha wakawa mmoja?"

"Usinichezee maneno."

"Kwani wewe ni mmoja?"

"Ngwali..."

"Nakuuliza, kaka. Wewe ni mmoja?"

Ngwali hakuwa anatania, alikuwa anaulizia jambo alilolishuhudia kwenye beseni. Mwenye chumba kule hadumu. Akila muda wake, akijaa taka asizoweza kuzitoa, ananyauka humo humo chumbani. Minyiri inalegea, tumbo linaporomoka, anabaki donge la kahawia pembeni ya ukuta. Chumba kinakaa kimya. Halafu kutoka kwenye ukuta ule ule anachipuka mwingine. Mlango ule ule, vitundu vile vile, majirani wale wale wanampitishia chakula bila kuuliza. Na lile donge, yule mpya analizungushia tumbo lake, analimeza, analitoa nje kama uchafu. Ngwali alipoliona hilo mara ya kwanza alikimbia kumwamsha Mcha: kaka, njoo uone mtu anajila mwenyewe ili azaliwe! Mcha alicheka. Mcha wa siku zile.

Huyu aliyekaa hapa. Shati la Mcha. Kovu la Mcha kidevuni, pale alipoanguka na baiskeli ya watu. Sauti ya Mcha. Ukigonga mlango wa Mcha anafungua huyu. Ukipitisha bakuli anapokea huyu. Na Mcha? Mcha amenyauka lini? Usiku gani? Nilikuwa nimelala? Nilikuwa nampitishia uji, nampitishia, nampitishia, na kumbe anayekula si yeye. Kuna donge mahali humu. Lazima lipo. Au ameshalitoa.

"Umeupa jina gani?" Ngwali akauliza. Sauti imeshuka ghafla, mpaka Mcha akashtuka.

"Bado hawajathibitisha."

"Umeupa jina gani, kaka?"

Mcha akaangalia ukuta. "Ukoko wa Mcha."

Ngwali akakaa kitako sakafuni. Hakuwa na haja ya jina yeye, wala hakuwahi kuliwaza. Lakini kusikia lipo, limeshakaa, limekaushwa pamoja na wale waliomo, kulimfanya ajione kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba yake ina msiba, na msiba wenyewe ni wake.

"Tangu niajiriwe humu sijaona wingu, Ngwali, nikija nyumbani ni usiku tu," Mcha akasema polepole. "Wewe unaamka unaona mawingu, unayaona mpaka unayachoka. Mimi huwa nasikia mvua kwenye tundu la jirani, nikichungulia naona mgongo wake tu. Unajua kitu kama hicho kinamfanyaje mtu?"

"Kinamfanya achemshe ndugu zake?"

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Aliyeingia ni Bi Mize, mkuu wa Jumba, na shali lake la zambarau.

"Shikamoo, Bi Mize," Mcha akasimama. Ngwali naye akaamkia, kwa hasira hivyo hivyo, maana mama yao hakuwalea wasiamkie.

"Marahaba. Mnapiga kelele mpaka masika ya jirani yamekatika."

Bi Mize mlangoni alikuwa ajuza wa kujikokota. Alipofika katikati ya chumba alikuwa mwanamke wa makamo, na alipokaa kitini alikuwa binti, meno yote mdomoni, shali lile lile. Jumbani hakuna anayeshangaa. Kiti ndicho Bi Mize. Wanaokikalia wananyauka na kuchipuka, na agizo lililotolewa na wa kwanza linafuatwa na wa sasa bila mtu kujua lilikuwa la nini. Alifunua kitambaa mwenyewe. Akasogeza hadubini, akafumba jicho moja.

Mcha alikuwa anapumua kwa kinywa.

"Mdomo nauona," Bi Mize akasema. "Umepinda kushoto, mzuri. Mlango una meno mawili, vizuri. Chumba cha kwanza kina miiba. Haya." Akazungusha kisahani. Akazungusha tena. "Vikofia viko wapi?"

Mcha akaanza kukunja kile kitambaa.

"Mcha, baba, nakuuliza wewe. Vikofia."

"Vitaota, Bi Mize."

"Vitaota?" Akainua uso. "Kitu kimechemshwa, kitaotesha nini? Mvuke?"

Kutoka kwenye tundu la kushoto mtu alicheka, akajikohoza.

"Koo tatu zina mdomo huu na meno haya," Bi Mize akaendelea, bila ukali, kama anayefundisha kusuka ukili. "Kinachozitenganisha ni kikofia tu. Kimekaa juu ya mlango au kimezama ndani? Kina kitundu au hakina? Bila hicho, huyu hatumjui kwao ni wapi. Jina litaning'inia hewani. Nyinyi watu wa ukoko kosa lenu ni hili hili, sijawahi kuona lingine. Kila anayetamani dirisha anauchemsha mapema."

"Nisamehe, Bi Mize."

"Si kitu. Uliapa hapa mbele yangu kwamba ulizamia mwenyewe ukautoa. Zamia tena. Lete ulioiva."

Ngwali alimgeukia kaka yake. Halafu akacheka, kicheko kibaya, kilichotoka bila ruhusa.

"Amezamia? Huyu? Bi Mize, huyu akinawa uso inabidi ashikwe mkono! Tulipokuwa watoto mvua ikinyesha alikuwa anakoga kwa mwavuli!"

"Ngwali, nakuomba," Mcha akasema.

"Na bahari umeninyang'anya? Hata maji niliyoyameza ni yako?"

Bi Mize aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa ameanza kuzeeka tena pembeni za macho. "Aliyeapa uongo Jumbani tundu lake linazibwa," akasema. "Mnajua nyote. Sikuiweka mimi sheria hiyo, nimeikuta kitini. Lakini kama kijana huyu anajua mahali, na akapataja kwa kinywa chake hapa ndani, basi uongo utakuwa umepata mwenyewe, Mcha hataulizwa tena, na mambo yataisha."

Tundu likizibwa, uji haupiti, na Mcha atabaki katika adhuhuri yake isiyoisha, mdomo wazi. Mcha alishuka sakafuni, akakaa karibu na mdogo wake kama walivyokuwa wakikaa jikoni, magoti yakigusana.

"Mdogo wangu," akasema. "Nimekosa. Nimekosa kabisa, sina la kusema. Lakini utaniacha nife kwa ajili ya jiwe?"

Na Ngwali, na hasira zake zote, alimwona. Kwa kitambo kidogo alimwona Mcha yule wa zamani ndani ya yule mpya, pembeni kabisa, kama donge ambalo bado halijatolewa. Chozi lililomtoka lilikuwa la kweli. Alifikiri: nani alimfundisha kuendesha baiskeli? Nani alimwambia mama amefariki, akamshika kichwa kwa mikono miwili ili asianguke? Mahali pale pana ukoko mwingi, jiwe zima limegeuka rangi ya chungwa, na sasa hivi huko chini vikofia ndiyo vinaota. Kipande kidogo. Kipande kidogo utaota tena. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Neno la kwanza la mahali pale lilikuwa limeshapanda kwenye ulimi, lina ladha ya chumvi.

"Mtachukua kiasi gani?" akauliza.

"Kidogo," Mcha akadakia. "Kama kiganja. Hata kiganja hakifiki."

Bi Mize alimwangalia Mcha, na kwa mara ya kwanza alionekana kuona haya.

"Hukumwambia?"

"Bi Mize, tafadhali..."

"Mwanangu," Bi Mize akamwambia Ngwali, "tunabandua wote. Ndivyo kazi ilivyo. Kikiwekwa Kielelezo humu ndani, nje hakitakiwi kubaki kingine. Kikibaki kitaendelea kuota, kitabadilika, siku moja mtu atakilinganisha na hiki chetu na kusema Jumba limekosea. Mcha analijua hilo. Ndiye aliyechagua wenye patasi. Wako ukumbini tangu asubuhi, na ndoo zao."

Ngwali akasikiliza. Ni kweli. Nyuma ya mlango kulikuwa na mlio wa vipini vya ndoo, na watu wanaozungumza kwa sauti ya chini kama wanaongoja mchele uive. Alikuwa amepita katikati yao wakati anaingia. Mmoja alimpisha, akamwambia "karibu, bosi."

Kwa hiyo. Kwa hiyo kabla hajaingia humu. Kabla ya ugomvi, kabla ya chozi. Ndoo zilikuwa zimeshapangwa. Alichokuwa anaombwa kilikuwa kimeshachukuliwa, kimebakia kupitia mdomoni mwake tu ili kionekane kimetolewa. Na lile neno la jikoni, *afadhali mimi nisijue*, neno alilolibeba kama hirizi. Alisema vile ili asijue? Au alisema vile ili siku ikifika mwenye kosa la kujua awe mwingine?

Hakuuliza. Kuna maswali ukiuliza unampa mtu nafasi ya kukujibu.

Alimeza. Neno lile la kwanza likashuka lilikotoka.

"Nimepasahau," akasema.

"Ngwali!"

"Nimepasahau, kaka. Bahari kubwa."

Akasimama, akapangusa suruali. Bi Mize alishazeeka kabisa. Kichwa kilikuwa kimemwinamia kifuani, na ilikuwa vigumu kujua kama anasikiliza au ameanza kunyauka. Hakuna aliyetoa amri. Mpaka Bi Mize mwingine achipuke, hapo katikati, Jumba halina la kusema. Ngwali alilijua hilo kutoka kwenye beseni: chumba kikishabaki na donge, hukaa kimya muda, na katika kimya hicho mlango haulindwi na mtu.

Alimshika Mcha mkono, akamwinua.

"Twende nyumbani," akasema. "Sasa hivi. Hakuna wa kutuzuia. Wale wa ndoo tutapita katikati yao, hawawezi kubandua kitu hawajui kilipo. Tundu waache walizibe, utakuwa haumo. Utalala kwenye kitanda changu. Mawingu yako huko nje ya kumwaga, kaka, utayachoka. Twende."

Na alimaanisha. Baada ya yote yale, alimaanisha. Kama Mcha angeinua mguu mmoja tu, hata kwa kukosea, yangekwisha.

Mcha alitazama kisahani. Alitazama ukuta wa mbele, pale ambapo dirisha lingekaa. Mtu alikuwa ameshachora mraba wake kwa chaki, na kwa mkono wake mwenyewe, wino ungali vidoleni, Mcha alikuwa amechora ndani yake wingu. Akafungua mdomo. Ngwali aliinama ili amsikie vizuri.

"Niambie kwanza ni wapi," Mcha akasema.

Ngwali alimwachia mkono. Hakuuachia kwa nguvu. Aliuweka juu ya meza, kama anarudisha kitu cha watu. Akapita mbele ya kiti chenye shali. Akatoka. Watu wa ndoo wakainua nyuso, wakangoja awaambie neno, na yeye akawageuzia mgongo, akaushika mlango kwa mikono miwili, akaufunga taratibu, kama unavyofunga mlango wa chumba alimolala mtu.